Chai ya Ami Nassor na Waasi wa Boston

Waliosema sitaweza walikuwa wengi, na sura zao ninazo mpaka leo. Kinyozi wetu wa Mlandege, aliponinyoa mara ya mwisho kabla sijaondoka Unguja, alisema nitarudi nywele hazijaota. Shangazi yangu alisema baridi ya London huanzia puani, na kwa pua niliyojaaliwa mimi nisingeuona mwezi wa pili. Na huko huko London, ami yangu Nassor, aliyenipokea nyumbani kwake Walthamstow, aliposikia nataka diploma ya kufundisha historia aliweka kijiko chini akaniangalia kama mtu anayeangalia basi lililopotea njia.

"Historia ya nani, Masudi?"

"Ya kwao, Ami. Uingereza, Ulaya, Marekani."

"Wewe mtoto wa Mlandege ukamweleze Mzungu habari za babu yake? Basi na mimi kesho nitakwenda kwa Malkia nikampangie sebule."

Vijana wangu, diploma hiyo imetundikwa ukutani kwangu hapa Mbweni, mahali ambapo mgeni huiona kabla hajaonyeshwa kiti. Nimewafundisha Waingereza historia yao, kisha nikawafundisha watoto wao, na nimestaafu nikiwa mkuu wa idara. Sisemi haya kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na ukweli wa namna hii usiposemwa na mwenyewe hakuna mwingine atakayejisumbua.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza ualimu, mnaonisimamisha dukani na nje ya msikiti mkitaka siri. Mnadhani siri iko kwenye diploma. Diploma ni lazima, nami nawahimiza mtafute ya ng'ambo, inapendeza ukutani. Lakini mimi ualimu niliupata kwenye kikombe cha chai niliyoshindwa kuinywa.

Kule mwalimu mpya hupewa mwaka wa majaribio. Katika mwaka huo huja inspekta, mtu wa serikali, akakaa nyuma ya darasa lako na miguu yake mirefu. Akitoka, ama umekuwa mwalimu, ama umebaki kuwa mtu mwenye karatasi. Ningekosa, ningefukuzwa kazi, na bila kazi ningerudi nyumbani. Kurudi sikuweza. Yule kinyozi alikuwa bado hai, na kibanda chake kilikuwa njiani mtu akitoka bandarini.

Basi nilianza mwaka ule mwili wangu wote ukiwa wa kuazima. Koti zito jeusi lilikuwa la Ami Nassor, mtu mpana. Nikilivaa, mtu wa mbali aliona koti linatembea peke yake. Viatu vilikuwa vya binamu yangu Sele, karani wa reli, tuliyelala naye chumba kimoja. Mguu wa Sele ni mdogo kuliko wangu, ndiyo sababu wanafunzi wangu wa mwanzo wanakumbuka kwamba nilikuwa nikisimama mahali pamoja bila kutikisika. Walidhani ni heshima ya kazi. Mkoba ulikuwa wa Bwana Jayant, Mhindi wa Mombasa aliyekuwa na duka la dawa mtaani kwetu. Tai ilikuwa ya mkuu wangu wa idara. Vyangu vilikuwa diploma na fulana.

Huyo mkuu wa idara, Bwana Griffiths, alikuwa mtu wa Wales, na ukimwita Mwingereza alikurekebisha mpaka kengele ikalia. Ndiye aliyenifunza kazi. Vunja chaki katikati kabla hujaandika, haitapiga kelele. Uliza swali kwanza, jina la mtoto litaje baadaye. Ukitaja jina kwanza, wengine wote wameshakwenda zao. Darasa likichafuka, punguza sauti, usipandishe, maana mtoto hapendi kupitwa na jambo. Siku hizi mna ubao wa umeme, mnabonyeza picha inatokea. Vizuri. Sisi tulikuwa na mashine ya kurudufu iliyokuwa ikitupaka wino wa zambarau mpaka masikioni. Lakini mtoto asiyesikiliza habonyezeki, na hapo ndipo mtakapomkumbuka Bwana Griffiths.

Zamu ya Marekani ikafika. Darasa lilikuwa 4C, watoto wa miaka kumi na nne, wengi wao wa wachuuzi na madereva wa malori. Nikaandika ubaoni kila sheria na kila kodi, kwa mwandiko wangu, na mwandiko wangu ni mzuri sana. Nikawaeleza kwamba kulikuwa na makoloni kumi na matatu ng'ambo ya Atlantiki, watu wake wengi asili yao Uingereza, wakijiona Waingereza kamili. London ikapigana na Wafaransa kule, ikashinda, ikabaki na deni la vita na jeshi la kulisha. Bunge likasema wanaolindwa nao wachangie. Ikaja kodi ya sukari. Ikaja kodi ya stempu, kwa kila hati, kila gazeti, hata karata za kuchezea. Watu wa makoloni wakakasirika. Nikageuka, nikapangusa mikono, nikauliza kama kuna swali.

Nyuma kabisa alikaa msichana aitwaye Tracey, baba yake akiuza viazi sokoni. Alikuwa hajasema neno tangu skuli zifunguliwe.

"Mwalimu, hizo kodi zilikuwa kubwa?"

"Hapana. Watu wa huku London walikuwa wakilipa zaidi."

"Na jeshi lililowalinda lilikuwa la nani?"

"La London."

"Sasa walikuwa wanalia nini?"

Tatizo ni kwamba nilikubaliana naye. Mimi nimelelewa Mlandege. Kwetu mkubwa akishasema limesemwa. Mchango wa harusi wakiupanga wazee, wewe unatoa, hakuna anayekuja kukuuliza kama umeridhika. Nikasema kwa moyo safi: "Kwa kweli, Tracey, wangelipa tu."

Darasa likaafiki. Wakafunga vitabu.

Bwana Griffiths alikuwa amesimama mlangoni. Tulipotoka akatembea na mimi taratibu, kwa sababu ya viatu vyangu.

"Bwana Masudi," akasema, "umeirudisha Marekani kwa Mfalme kabla ya chakula cha mchana. Majenerali walilitaka jambo hilo miaka, hawakuliweza."

"Lakini msichana ana haki. Kodi ilikuwa ndogo."

"Ilikuwa ndogo. Na mwishowe Bunge likawapelekea chai, rahisi kuliko waliyokuwa wakinywa, na watu wa Boston wakaimwaga baharini. Niambie kwa nini mtu mwenye akili zake anaikataa chai nzuri ya bei rahisi." Akasimama. "Inspekta atakuja mwezi huu, na somo atakalolikuta ni hilo hilo. Ukiweza kunieleza mimi, utamweleza na yeye. Usipoweza..." Akaitazama tai yake shingoni mwangu.

Nilisoma vitabu ndani ya basi, nikavisoma chooni. Vyote vilisema watu wale hawakutaka kutozwa na Bunge ambalo hawakulichagua. Maneno niliyaelewa. Nilichokuwa sikielewi ni hasira.

Sasa twende nyumbani kwa Ami. Lazima nimtendee haki, kwa sababu bila yeye nisingekuwapo. Ndiye aliyetutumia tiketi mimi na Sele, miaka michache baada ya Mapinduzi. Ndiye aliyesimama mbele ya ofisa wa uhamiaji akaapa kwamba tutakaa kwake na tutakula kwake. Mwenye nyumba wa mwanzo alipotaka kututoa, Ami alipambana naye kwa mdomo tu, mpaka yule mtu akaiuza nyumba, na Ami akakopa benki akainunua yeye. Na sisi hatukuwa wachoyo. Kila mwanzo wa mwezi tulikaa mezani, Ami, mkewe Bi Salma, mimi na Sele. Ami alitaja mahitaji ya nyumba, tukabishana kidogo, tukakubaliana, tukatoa. Hakuna aliyenung'unika.

Alipoinunua ile nyumba, deni likamkaa kichwani, na kikao cha mezani kikafa. Siku moja tukakuta karatasi kwenye mlango wa bafu. Kuoga, sarafu moja kwenye kopo. Kusikiliza redio, sarafu. Kuleta mgeni, sarafu mbili, na mgeni mnene aeleze. Sele alisoma akacheka, kisha akaacha kucheka.

Hatukugombana naye. Tuliacha tu. Tukawa tunakwenda kuoga kwenye mabafu ya manispaa, redio tukaisikiliza kwa Bwana Jayant, na wageni tukawapeleka bustani ya mtaa wakae kwenye mvua. Kopo likakaa kavu. Ami akaibandua karatasi, lakini kesho yake akabandika nyingine kwa herufi kubwa: NYUMBA HII NI YANGU NA NITAAMUA LOLOTE, WAKATI WOWOTE.

"Ameshindwa," Sele akaninong'oneza, "ila anataka tujue kwamba hakushindwa."

Wala hapo sikuona kitu, vijana wangu. Nina diploma, nimesoma kwamba Bunge la London nalo liliifuta kodi ya stempu baada ya watu kugoma kununua bidhaa zake, na siku hiyo hiyo likatangaza kwamba lina haki ya kuwatungia sheria yoyote katika jambo lolote. Nilikuwa nimelala chini ya tangazo lile lile, nikiwa nimejifunika kitabu usoni.

Jumapili iliyofuata ile aibu yangu ya darasani, Ami alitukusanya mezani. Tukafurahi, tukadhani kikao kimefufuka. Mbele yake palikuwa na buli na kasha la mbao. Alikuwa amenunua makasha ya chai kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa akifunga biashara, akitumai kuyauza sokoni. Soko la Walthamstow ni refu, na watu walimpita kwa urefu wote huo. Makasha yalijaa chini ya ngazi, na mawili yalikuwa chini ya kitanda changu.

"Kuanzia leo," akasema Ami, "haingii chai nyingine humu ndani. Chai ni hii. Na msije mkasema nawaonea, nimeipangia bei chini ya dukani. Kila kikombe, peni moja kwenye kopo."

Sele akasema, "Lakini, Ami, hukutuuliza."

"Nikuulize wewe? Kwa nini nikuulize? Mimi ni baba yenu hapa. Nawasemea. Nikikubali mimi, mmeshakubali nyinyi." Akanigeukia mimi. "Babaako alipooa aliulizwa? Wazee tulikwenda posa, yeye yuko nyumbani anakata kucha. Tulimsemea. Na wewe ndiyo umetokea, kwa hiyo tulimsemea vizuri."

"Posa ni mara moja, Ami," Sele akasema. "Chai ni kila siku."

"Kunyweni."

Nikanywa. Nawaambia ukweli: ilikuwa chai nzuri. Nyekundu, nzito, Bi Salma kaitia iliki, na ilikuwa bora kuliko ile niliyokuwa nikinunua mwenyewe. Haikuteremka. Ilikaa hapa kooni, ikakataa. Nikamtazama Ami anavyonitazama, nikalitazama kopo, na hasira ikanipanda ambayo sijapata kuisikia tangu nizaliwe. Si peni ile. Peni nilikuwa nayo. Ilikuwa kwamba nikiimeza chai hii, nimemeza na ile karatasi ya mlangoni.

Nikasimama na kikombe mkononi.

"Sele. Boston."

"Boston nani?" akauliza Sele.

"Kaa chini," akasema Ami.

Nikakaa, lakini sikuwa mtu yule yule. Tangu hapo nikawa nashuhudia historia yangu ikipita jikoni. Kwanza tulimwandikia Ami barua. Ilikuwa barua ya adabu sana, ikianza na shikamoo na kumalizia na dua, ikisema sisi ni wanawe, tunampenda, tunaomba tu kikao cha mezani kirudi. Hatukutaja kuhama, kwa sababu jambo hilo hata mawazoni halikuwamo. Ami aliikuta chini ya sahani yake, akaipangusia mchuzi.

Kisha tukaacha chai. Na hapa akaingia mtu ambaye hatukumtegemea. Bi Salma alikuwa mwanamke wa maneno machache. Kwa miaka yote ile nilidhani yuko upande wa mumewe. Asubuhi moja akatuwekea mezani buli lake, ndani mna tangawizi na mdalasini, halina hata jani moja la chai. Ami akanusa.

"Nini hii?"

"Maji ya moto," akasema Bi Salma.

"Na chai?"

"Chai iko chini ya ngazi. Kila siku nainama kwayo nikitaka ufagio."

Niliporudi kutoka skuli siku ya pili yake nikamkuta uani, kanga kiunoni, kasha limefunguliwa, anaimwaga chai konzi kwa konzi kwenye mashina ya mawaridi yake. Mchana kweupe, majirani wanaona.

"Bi Salma," nikasema, "Ami atasemaje?"

"Nyinyi mnalia hamkuulizwa. Na mimi ninayeipika, niliulizwa?" Akakung'uta kasha. "Shika hapo, nisaidie la pili."

Nyinyi mtakaofundisha somo hili msiwasahau wanawake. Kule Marekani nao waliacha chai ya London, wakachemsha majani ya mashambani mwao, na mgomo ule usingeingia majumbani bila wao. Kwenye vitabu vyangu walikuwa na mstari mmoja. Kwenye maisha yangu walikuwa na kasha zima.

Ami alirudi, akaona uwanja wote mweusi. Alikwenda dukani akarudi na kufuli, akalitia kwenye mlango wa jikoni. Kwa kosa la makasha mawili, nyumba nzima isile. Lakini alisahau kwamba jiko lile lilikuwa lake na yeye, na kupika hajui. Jioni ile ile tulimwona kupitia dirisha la duka la samaki na chipsi, amesimama na karatasi yake, anakula haraka kama mtu anayefukuzwa.

Na habari zikatembea. Kufuli la Walthamstow likafika Thamesmead, ng'ambo ya mto, kabla ya kiza. Bi mmoja wa Kipemba, hata hatumjui vizuri, alipanda mabasi mawili na sufuria ya pilau mapajani. Mwingine akaleta maandazi. Watu ambao jana walikuwa wakisema sisi ni watoto watovu wa adabu, leo walisema: akiwafungia hao, kesho atafungiwa nani? Mwajua ndivyo ilivyokuwa Boston? Mfalme na Bunge waliifunga bandari mpaka chai ilipwe, na makoloni mengine yakawapelekea watu wa Boston mchele na nafaka. London ilitaka kuadhibu mji mmoja, ikawaunganisha wote. Nilikuwa nakula pilau huku nacheka peke yangu, Sele akadhani njaa imeniharibu.

Asubuhi ya inspekta nilijiona mwanamume. Nikaliacha koti la Ami kwenye msumari wake, nikatoka na shati. Sikutaka kwenda kuihubiri Boston nikiwa ndani ya koti la Bunge. Ilikuwa Januari, vijana wangu, na nyinyi mnaolalamika upepo wa Juni hapa kwetu hamjui ninachosema. Sijafika kituo cha basi, nikasikia viatu vya mtu mzito vikinikimbilia nyuma.

"Vaa," akasema Ami, anahema, koti mkononi.

"Asante, Ami, sihitaji."

"Vaa, mtoto wewe. Ufe, halafu waseme mimi ndiye niliyekuua?" Akanivisha mwenyewe, akanifunga vifungo mpaka juu, kama mtoto wa chuoni. "Na chai utalipa," akasema, akaondoka.

Nikapanda basi machozi yakinilenga, na sijui kama ilikuwa baridi.

Darasani inspekta alikuwa keshakaa, bega kwa bega na Bwana Griffiths. Sikuandika sheria hata moja. Nilivunja chaki, nikaiweka chini. Nikasema kwa sauti ndogo: "Nataka kuwahadithia mzee mmoja wa Walthamstow, na vijana wawili anaowapenda."

Nikawahadithia yote niliyowahadithia nyinyi. Bafu, kopo, karatasi ya pili, makasha chini ya kitanda. Nilipofika kwenye kikombe, nikasimama. "Chai ni nzuri. Bei ni ndogo. Mzee amewalinda, amewalipia nauli. Kwa nini kijana hainywi?" Nikasubiri. "Tracey."

Tracey hakufikiri hata kidogo. "Kwa sababu akiinywa mara moja, yule mzee kesho ataweka lolote. Si peni, Mwalimu. Hakuwauliza."

"Lakini mzee anasema anawasemea."

"Nani amemtuma?"

Darasa likalipuka. Mmoja akasema wavunje kufuli. Mwingine, ambaye baba yake ana nyumba ya kupangisha, akamtetea mzee mpaka sauti ikamkauka. Nikawaachia wagombane. Kisha nikaokota chaki, nikaandika upande wa kushoto bafu, kopo, karatasi, chai, barua, kufuli, na kulia nikaandika stempu, mgomo, tangazo la Bunge, chai, maombi kwa Mfalme, bandari. Hakuna aliyeniambia nieleze zaidi. Walikuwa wananisomea wao.

Inspekta akanyoosha kidole, kama mwanafunzi. Bwana Griffiths alifumba macho.

"Kama walikuwa na hasira hivyo," akauliza, "kwa nini hawakujitenga siku ya kwanza?"

"Kwa sababu hawakutaka kuondoka, Bwana," nikamjibu. "Walitaka kuulizwa. Hata bunduki zilipoanza kulia, bado walimwandikia Mfalme barua ya wana kwa baba, naye hakuipokea. Mtu huhama mwisho, akishaona kila anapobisha mlango anajibiwa kwa kufuli."

Akaandika kitu. Kisha akaniuliza, na Bwana Griffiths aliapa baadaye kwamba hajapata kumsikia inspekta akiuliza swali kama hilo: "Na wale vijana wawili, wamehama?"

"Bado, Bwana. Wako kwenye barua."

Nilithibitishwa. Bwana Griffiths alinipa habari ukumbini, kwa maneno machache kama kawaida yake: "Marekani imeondoka, Bwana Masudi. Hongera."

Nyumbani nilimpa Ami habari hiyo mbele ya kufuli. Nilidhani itamlainisha. Akasema mwalimu au si mwalimu, amri ni amri, na asiyeitaka mlango uko wazi. Alisema vile kwa mazoea, kama wazee wanavyosema. Sele akanitazama, nikamtazama. Tukapanda juu tukafunga masanduku. Bi Salma alitufungulia mlango yeye mwenyewe, akatutilia maandazi mfukoni. Tulipanga chumba juu ya duka la Bwana Jayant, mitaa miwili tu mbele, na usiku wa kwanza tulichemsha chai tuliyoichagua wenyewe. Ilikuwa mbaya sana. Tulikunywa buli zima.

Ami hakunisalimu mpaka baridi ikaisha. Akiniona sokoni alikuwa akigeukia viazi vya baba yake Tracey, akavichunguza kimoja kimoja.

Mshahara wangu wa kwanza wa mwalimu kamili nilikwenda nao dukani siku moja, nikatoka mtu mpya kuanzia kisogo mpaka kisigino, vyote vyangu. Halafu nikaanza safari ya kurudisha. Viatu vya Sele vilikuwa vimetanuka kwa mguu wangu hata akivivaa anapotelea ndani, kwa hiyo nikampa jozi mpya. Tai nikaifua, nikaipiga pasi, nikampelekea Bwana Griffiths. Akasema niibakishe, nikakataa, akafurahi kwamba nimekataa. Mkoba wa Bwana Jayant niliurudisha na halua ndani. Likabaki koti.

Nikalipiga brashi, nikalikunja, nikabisha mlango wa Ami ingawa ufunguo nilikuwa nao bado. Akafungua yeye. Akalipokea, akalikung'uta, vumbi jeupe likamrukia ndevuni.

"Limejaa chaki."

"Ni chaki ya mwalimu aliyethibitishwa, Ami."

Akaguna. Nikaona nyuma yake mlango wa jikoni uko wazi, na rafuni mahali pa kopo pamewekwa mawaridi ya Bi Salma, makubwa kama vichwa vya watoto. Chai ile iliyafaa sana. Bi Salma mwenyewe alikuwa amesimama na buli, haendi mbele wala harudi nyuma. Ami alilitundika koti kwenye msumari, akalirekebisha mabega, akalirekebisha tena. Alinipa mgongo alipoanza kusema.

"Chai," akasema. Akakohoa. "Utakunywa, au hunywi?"

Bi Salma alinitazama mimi, hakumtazama yeye.

"Nitakunywa, Ami," nikasema, "maadamu umeniuliza."

Akanimiminia mwenyewe, bila kumwaga tone. Ilikuwa chai ile ile ya makasha ya chini ya ngazi, na ikateremka.